Uainishaji wa Vihisi Waongo: Utafiti wa Maji Madogo katika Uwanda wa Ufipa

Mwaka 1898, George Boulenger wa jumba la makumbusho la London alimkuta mezani pake samaki mdogo wa miambani kutoka Ziwa Tanganyika, miongoni mwa shehena ya msafiri J. E. S. Moore, akampa jina la Tropheus moorii. Tangu siku hiyo samaki yule hajapumzika. Wafugaji wa samaki wa mapambo wa Ulaya na Marekani wamemgawa wakamgawa tena, kwa rangi ya ubavu na kwa jina la kijiji alikovuliwa. Leo yupo mtu Ujerumani asiyejua mkoa wa Rukwa uko upande gani wa Afrika, lakini Tropheus wa Kasanga na Tropheus wa Kipili anawatofautisha gizani, na ukimbishia mtagombana.

Samaki, basi, ameainishwa akaisha. Aliyeachwa hana oda wala ukoo ni kile kidude cheusi cha plastiki kinachofungwa kwenye mpira wa pampu ya tangi lake ili kihesabu maji yanayopita. Makala haya yanakusudia kuziba pengo hilo la kitaaluma, ambalo hadi sasa hakuna aliyelilalamikia.

Eneo la utafiti

Tuchukue tangi la mfano: kioo, lita 200, sebuleni Sumbawanga mjini, ndani yake samaki waliotoka Kasanga. Kwenye ramani Kasanga na Sumbawanga ni jirani. Kwa samaki ni dunia mbili. Uso wa Ziwa Tanganyika uko mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari, na mji uko kama mita 1,800. Samaki aliyeletwa mjini ndani ya ndoo amepanda mlima wa kilomita moja bila kuulizwa.

Matokeo ya safari hiyo yanapimika. Maji ya nyuzi 25 yaliyoshiba hewa kwenye usawa wa bahari hubeba oksijeni karibu miligramu 8.3 kwa lita. Kwenye usawa wa ziwa, kama 7.5; Sumbawanga, kama 6.6. Tropheus amezaliwa kwenye miamba inayopigwa na mawimbi mchana kutwa, na sasa anaanza maisha ya mjini akiwa amekatwa mshahara kabla hajaripoti kazini. Juu ya hilo kuna baridi. Juni na Julai usiku wa Ufipa hauna masihara, kwa hiyo hita ni lazima, na kwa kawaida hita hufichwa kwenye boksi la chujio ili isionekane. Pampu ikisimama, hita inaendelea kuwapikia maji vijidudu vya chujio, na samaki upande wa pili wanapoa.

Umeme nao una jiografia yake. Kwa miaka mingi Rukwa imetumia umeme ulionunuliwa Zambia na kuvushwa kupitia Mbala, nje ya gridi ya Taifa. Mtafiti hana ugomvi na upande wowote wa mpaka. Anaandika tu kwamba umeme ukikatika saa nane za usiku, samaki hana namna ya kujua ni wa nchi gani uliokatika.

Haya yote yanampa mwenye tangi swali moja la msingi, na ni swali fupi: maji yanapita? Kiasi gani, hilo ni swali la pili, la watu wenye nafasi. Takriban kila kosa linalofanywa na vihisi rahisi hutokana na kuviuliza la pili kabla ya la kwanza.

Maelezo ya kiumbe

Anayefahamika zaidi ni YF-S201. Ukimfungua skrubu utakuta gurudumu dogo lenye mapanga kama ya feni, na sumaku katikati. Nje ya ukuta wa plastiki, pakavu, kuna kipande cha elektroniki kinachofuata kanuni aliyoigundua Edwin Hall mwaka 1879: sumaku ikisogea karibu, volti zake hubadilika. Maji husukuma gurudumu, sumaku hupita, na waya wa njano hutoa pigo moja. Waya mwekundu huleta umeme, mweusi huurudisha. Ubavuni kuna mshale unaoonyesha maji yaende wapi, na mshale huo tutaurudia baadaye kwa sababu ndio maandishi pekee kwenye mwili wake ambayo mwenyewe hawezi kuyasoma.

Karatasi ya kiwandani inasema S201 anapima lita 1 hadi 30 kwa dakika na kutoa mapigo 450 kwa lita. Mdogo wake, YF-S401, anadai lita 0.3 hadi 6 kwa dakika na mapigo 5,880 kwa lita. Wote wawili ni wa dola chache. Mapigo hupokelewa na kidhibiti: ubao wa Arduino, au ESP32 kwa anayetaka taarifa kwenye simu. Angalizo la haraka hapa: pini za ESP32 zinataka volti 3.3, na baadhi ya vihisi hawa hutoa 5. Rizista mbili za kugawa volti ni bei ya karanga. Ubao mpya maana yake ni kuagiza Kariakoo, Dar es Salaam, na kuusubiri uje kwa basi zaidi ya kilomita 1,000.

Mgawanyo

Wauzaji huwapanga kwa ukubwa wa uzi: nusu inchi, robo tatu. Mafundi huwapanga kwa bei. Mipango yote miwili ni ya kivivu. Vihisi rahisi havitofautiani kwa ukweli wao, maana ukweli wao ni mmoja na ni mfupi. Vinatofautiana kwa namna vinavyodanganya. Boulenger alihesabu mapezi na magamba. Sisi tumehesabu uongo, tukapata koo tatu.

Ukoo wa kwanza ni wa Bubu. Huyu, maji yanapita naye yuko kimya. Gurudumu lina msuguano wake, na maji yakiwa machache hujipenyeza pembeni ya mapanga bila kulisumbua. Kwenye mtiririko wa lita nusu kwa dakika S201 anaweza kusimama kabisa, akitikiswa anazunguka kidogo, anasimama tena. Hapo ndipo yanapozuka mazungumzo ambayo kila fundi wa elektroniki anayajua.

"Mzee, hii sensa imekufa."

"Haijafa, mwanangu. Ongeza maji uone."

Wanaongeza maji, inafufuka, na kijana anaandika kwenye programu yake kwamba kosa limerekebishwa.

Ukoo wa pili ni wa Waropokaji, wanaosema maji yapo wakati hayapo, au yapo kidogo wao wakatangaza mafuriko. Yupo mropokaji wa mapovu: pampu ikivuta hewa, mapovu hulichezesha gurudumu kwa furaha isiyo na msingi. Yupo mropokaji wa nyaya: waya wake wa njano umelazwa sambamba na waya wa pampu, rilei ikibofya naye anahesabu. Dawa yake ni kutenganisha nyaya, au kukiambia kidhibiti kipuuze pigo linalokuja haraka kuliko uwezo wa gurudumu. Na yupo mropokaji wa tatu, wa maji yanayorudi nyuma, ambaye baada ya uchunguzi tumemwondoa kwenye ukoo huu kwa heshima zote. Habari zake ziko mbele.

Ukoo wa tatu ni Vigeugeu. Hawa walikuwa wakweli siku ya kwanza. Kisha utelezi wa kijani ukaota kwenye mapanga, mchanga ukaingia kwenye ekseli, na ukweli ukawa unapungua wiki hadi wiki bila kutoa taarifa. Anayefuga Neolamprologus multifasciatus, wale samaki wadogo wanaoishi ndani ya makombe ya konokono, ajue kwamba wanachimba mchanga tangu asubuhi hadi jioni, na sehemu ya mchanga huo ina safari ya kwenda kwenye pampu. Kigeugeu ni wa hatari kuliko Bubu kwa sababu namba zake zinafanana na namba.

Tiba ya Kigeugeu ni kumpima upya, na kipimo cha haki hakihitaji maabara. Lita moja ya maji ni kilo moja. Acha maji yapite kwenye kihisi yaingie kwenye ndoo, hesabu mapigo, kisha peleka ndoo kwenye mizani ya duka la mchele, ukikumbuka kuondoa uzito wa ndoo.

"Shikamoo mama. Naomba kupima ndoo hii."

"Marahaba. Ina nini?"

"Maji."

"Ukishayapima?"

"Nayamwaga."

Mama atakutazama, lakini atakupimia. Gawanya mapigo kwa kilo, na hiyo ndiyo namba ya kihisi chako, ambayo ni nadra kuwa 450 kamili. Upime kwa kasi ile ile ya maji utakayotumia kwenye tangi, kwa sababu namba ya kasi kubwa si namba ya kasi ndogo. Mapanga na msuguano hawana mkataba wa kudumu.

Shauri la Lukuga

Mtu akidhani ugomvi wa vihisi ulianza na plastiki, asome habari za mlango wa Ziwa Tanganyika. Ziwa hilo lina njia moja tu ya kutoa maji, Mto Lukuga, upande wa Kongo. Mwaka 1874 Verney Lovett Cameron alifika pale, akayaona maji yakielekea magharibi, akayafuata mpaka magugu yanayoelea yakamfungia njia. Akatangaza kwamba huo ndio mlango wa ziwa.

Mwaka 1876 akaja Henry Morton Stanley na mashua yake, Lady Alice. Yeye hakuridhika na macho. Alifunga chungu cha udongo kwenye ubao, akauachia majini, akautazama. Upepo wa ziwani ulipovuma, ubao ulikwenda bara. Upepo ulipolala, ubao ukarudi ziwani. Hitimisho lake: Lukuga bado si mto unaotoka. Kisha mwaka 1879 Edward Hore, na baada yake Joseph Thomson, wakakuta Lukuga unakwenda magharibi kwa nguvu, kama vile haujawahi kubishaniwa.

Waungwana wote hao walikuwa na elimu na vyombo, na kila mmoja alisema kweli ya siku yake. Ziwa lilikuwa limekaa karibu kabisa na kizingiti chake: likipanda kidogo linamwaga, magugu na udongo vikiziba linakoma, upepo ukisukuma linaonekana kumwaga. Hiyo ndiyo hali ya maji madogo popote yalipo. Karibu na kizingiti, chombo chochote cha gharama nafuu, kiwe chungu juu ya ubao au sumaku ndani ya plastiki, kinapima upepo na msuguano kwanza, na mto baadaye. Kwa mgawanyo wetu ubao wa Stanley ulikuwa wa ukoo wa Waropokaji wakati wa upepo, na magugu ya Cameron yalikuwa njiani kumfanya Lukuga awe Bubu. Thomson, kwa faida ya wasomaji wa Rukwa, ndiye aliyepita Ufipa mwaka 1880 na kulitazama Ziwa Rukwa, ziwa ambalo halina mlango hata mmoja wa kubishania. Maji yake hutoka kwa jua tu.

Hesabu za matone

Tangi la sebuleni ni la jamii ya Ziwa Rukwa. Kiangazi, kuanzia Mei hadi mvua za Novemba, hewa kavu ya uwandani hunywa maji bila kuomba, na mwenye tangi hana budi kuongeza. Hapa ndipo anaponunua kihisi cha "mtiririko mdogo", na hapa ndipo hesabu inapomkata maini.

Tuseme anataka kuingiza lita 20 kwa siku, tone kwa tone, kwa kufidia mvuke na kubadilisha maji taratibu. Siku ina dakika 1,440. Hiyo ni mililita 14 hivi kwa dakika. S401, bingwa wa maji madogo, anaanza kusema ukweli kwenye lita 0.3 kwa dakika, yaani lita 432 kwa siku: tangi zima mara mbili na chenji. S201 anaanzia lita 1,440 kwa siku. Mbele ya matone ya mwenye tangi wetu, wote wawili ni wana wa Bubu, na hakuna programu itakayowapa ulimi.

Mtu akiliona hilo hukimbilia kununua kihisi kidogo zaidi. Asikimbilie. Tundu la S401 ni jembamba, na pampu ndogo yenye uwezo wa kupandisha maji mita moja tu haina ubavu wa kubishana na tundu hilo. Utakuwa umenunua kipimo cha mtiririko kinachoua mtiririko. Dawa ni kubadilisha maji, si kihisi: yakusanye kwenye dumu, kisha kidhibiti kifungue koki ya umeme na kuyaachia kwa mkupuo, lita 2 kwa dakika kwa dakika 10. Lita 20 zile zile, lakini sasa ziko ndani ya mipaka ya S201. Kidhibiti hakihitaji kujua kasi. Kinahesabu tu hadi mapigo 9,000, au namba uliyoipata kwa mama wa mchele, na kufunga koki. Mwenye tangi akiongeza swichi ya kielea juu ya tangi inayokata umeme wa koki moja kwa moja, bila kupitia ubao, atalala. Kielea kina akili moja tu, na si rahisi kuidanganya.

Kuna pia udanganyifu wa saa. Kwenye lita 1 kwa dakika S201 hutoa mapigo 7.5 kwa sekunde. Kidhibiti kinachohesabu kwa sekunde moja moja kitaona 7, kisha 8, kisha 7, na kuchora grafu ya milima na mabonde kama ya barabara ya milima ya Mbizi, ilhali maji yametulia tuli. Kihesabu kwa sekunde kumi, au kipime muda kati ya pigo na pigo, na milima italala.

Rufaa ya maji yanayorudi nyuma

Sasa tumrudie yule tuliyemtoa ukooni. Kihisi cha Hall hakijui mbele wala nyuma. Sumaku ikipita imepita. Mshale ubavuni ni ushauri kwa fundi bomba. Gurudumu likizungushwa kinyume, waya wa njano hutoa mapigo yale yale. Vitabu vya mafundi huliita hilo kasoro.

Tulifikirie kwa hali zote nne. Pampu imewashwa na mapigo yapo: sawa. Pampu imezimwa na hakuna mapigo: sawa. Pampu imewashwa na hakuna mapigo: chujio limeziba, pampu imekufa, mpira umejikunja, au gurudumu limekwama, kwa vyovyote amka. Hali ya nne ndiyo tamu. Pampu imezimwa, labda umeme umekatika, na mapigo bado yanakuja. Programu nyingi za watu huyapuuza, zikidhani ni kelele za nyaya. Kumbe mdomo wa mpira umezama ndani ya tangi, maji yameshika njia ya kurudi chini kwa uzito wao wenyewe, na yanamiminika kwenye boksi la chujio, kutoka hapo sakafuni, kutoka hapo kwa jirani. Kihisi kisichojua mwelekeo ndicho kilichotoa ushahidi. Kingejua mwelekeo, kingenyamaza kwa adabu.

Kwa hiyo anastahili ukoo wake mwenyewe, na tunapendekeza aitwe Shahidi. Kwa kazi ya tangi tunamweka juu ya S201 anayepima kwa kukosea asilimia mbili tatu tu, hata kama ni kihisi hicho hicho kimoja. Sharti ni kwamba yeye na kidhibiti wawe na betri yao. Shahidi anayezimika pamoja na pampu hana la kusimulia.

Wasio na gurudumu

Kwa ukamilifu tutaje oda ya mwisho, ya vihisi visivyo na gurudumu. Vipo vya mawimbi ya sauti na vya joto, vizuri sana, na bei zake zinavitoa nje ya makala haya. Vipo pia vya jadi. Wafipa waliyeyusha chuma kwenye ilungu, tanuri la udongo lililopita kimo cha mtu, lililovuta hewa lenyewe kupitia matundu ya chini bila mivukuto; Bertram Mapunda, mwanaakiolojia, ameandika kitabu kizima juu ya ufuaji chuma wao. Hewa isipopita vizuri, hupati chuma. Hapakuwa na mita, na chuma kilipatikana. Mwenye tangi naye ana sikio. Pampu inayovuta hewa ina sauti yake, na samaki wote kupanda kwenye uso wa maji wakitweta ni usomaji usiohitaji rizista. Kasoro ya oda hii ni kwamba hulala usiku.

Kuhusu wamiliki wenyewe tutasema kidogo, maana uwanja ni mpana. Wapo wa grafu, ambao simu zao zinaonyesha mtiririko hadi desimali ya tatu na ambao hawajawahi kusafisha gurudumu. Wapo wa king'ora, ambao hawajui mtiririko wao ni lita ngapi lakini ukisimama kwa nusu dakika nyumba nzima inaamka. Samaki wa kundi la pili, kwa maoni ya mtafiti, wana matumaini zaidi ya kuona Krismasi.

Hukumu ya kununua, kwa anayeishi Sumbawanga au popote kwenye baridi na miinuko: S201 mbili, moja kwenye mpira wa pampu na moja ya akiba, kwa kuwa kumsafisha mmoja kunataka mwingine awe kazini, kihisi cha joto cha DS18B20 upande wa samaki, mbali na hita, kielea kimoja, na betri ya volti 12 itakayobeba kidhibiti, king'ora na pampu ndogo ya hewa hadi kuche. S401 mwache dukani. Fedha zikiwa chache, anza na betri na pampu ya hewa, vihisi vitafuata mwisho wa mwezi.